Fantasy ya kuchagua kwa zamu: kwa nini mchezaji bora si lazima achaguliwe kwanza

Kila mwaka mwezi wa Agosti, Ligi Kuu ya Uingereza inapofungua msimu, mamilioni ya mashabiki duniani huunda vikosi vyao vya kufikirika katika mchezo wa Fantasy Premier League, unaofahamika kwa kifupi kama FPL. Bujumbura haiko nyuma katika jambo hilo. Mashabiki wa mji huu wanaifuatilia ligi hiyo kwa karibu, na wana sababu ya ziada: Gaël Bigirimana, aliyejiunga na Newcastle mwaka 2012, na Saido Berahino, aliyeng'ara West Bromwich Albion, wote wawili walizaliwa Bujumbura mwaka 1993.

Wengi wanalijua toleo la kawaida la mchezo huo. Toleo la pili, liitwalo FPL Draft, lilianzishwa msimu wa 2017/18 na halieleweki kwa wepesi. Maelezo yake rasmi yameandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliyezoea toleo la kawaida huingia humo na mazoea ambayo hayamfai tena. Makala haya yanaeleza namna uteuzi wa zamu unavyofanyika na hesabu anazopaswa kuzifanya mchezaji kabla zamu yake haijafika.

Matoleo mawili, kanuni mbili

Katika toleo la kawaida, kila mshiriki hupewa pauni milioni 100 za kufikirika na kununua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Hawezi kuchukua zaidi ya wachezaji 3 kutoka klabu moja. Mchezaji mmoja anaweza kumilikiwa na watu milioni kadhaa kwa wakati mmoja, na nahodha wa kikosi huzidishiwa pointi mara mbili.

Katika toleo la zamu, hakuna bei wala nahodha. Marafiki, kuanzia wawili hadi 16, huunda ligi yao na kukubaliana siku na saa ya uteuzi. Saa ikifika, kila mmoja huchagua mchezaji mmoja kwa zamu, na mchezaji akishachaguliwa hawezi kuchukuliwa na mwingine ndani ya ligi hiyo. Ni utaratibu ule ule wa watoto uwanjani: makapteni wawili wanasimama mbele, wanaita jina moja moja, na aliyekwisha kuitwa upande huu haendi tena upande ule.

Pointi hutolewa kwa takriban kanuni zile zile. Bao la mshambuliaji lina pointi 4, la kiungo 5, na la beki 6. Pasi ya bao ina pointi 3. Beki au kipa ambaye timu yake haikufungwa hupata pointi 4, na kiungo hupata 1. Kipa huongezewa pointi 1 kwa kila mikwaju 3 aliyookoa. Kadi ya njano humpunguzia mchezaji pointi 1, na nyekundu pointi 3.

Zamu huenda na kurudi

Utaratibu wa zamu hauanzi upya kila duru, bali hugeuka. Katika ligi ya watu 8, aliye wa kwanza katika duru ya kwanza huwa wa mwisho katika duru ya pili, kisha huwa wa kwanza tena katika duru ya tatu. Kwa hiyo mtu wa kwanza huchagua nafasi ya 1, ya 16 na ya 17. Mtu wa nane huchagua nafasi ya 8 na ya 9 mfululizo, kisha husubiri hadi ya 24 na ya 25. Mtu wa nne hupata nafasi ya 4, ya 13 na ya 20.

Ukijumlisha nafasi mbili za mwanzo za kila mmoja, jibu ni 17 kwa wote: 1 na 16, 4 na 13, 8 na 9. Hiyo ndiyo namna utaratibu huu unavyojaribu kuleta usawa. Lakini usawa huo hauondoi tofauti ya subira. Aliyechagua wa kwanza huona wachezaji 14 wakiondoka kabla hajafikiwa tena. Aliye pembeni mwa orodha hana budi kufikiria wachezaji wawili kwa pamoja. Aliye katikati hufikiria mmoja mmoja, na hapitwi na mengi kati ya zamu moja na nyingine.

Kipimo ni kile kitakachobaki

Kosa la kawaida la anayeanza ni kupanga wachezaji kwa jumla ya pointi, kisha kushuka na orodha hiyo kuanzia juu. Kipimo hicho kinafaa pale ambapo kila mtu anaweza kumpata yeyote. Pale ambapo kila mchezaji ana mwenyewe mmoja, thamani yake hupimwa kwa tofauti kati ya pointi zake na pointi za yule ambaye mtu angempata bure katika nafasi hiyo hiyo baada ya uteuzi kumalizika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ligi ya watu 8 itachukua washambuliaji 24 na viungo 40. Mshambuliaji bora anatarajiwa kupata pointi 190, na yule wa 25, ambaye hatachaguliwa na mtu, pointi 70. Tofauti ni 120. Kiungo bora anatarajiwa kupata pointi 210, na yule wa 41 pointi 110. Tofauti ni 100. Kiungo ana pointi nyingi zaidi, lakini mshambuliaji ndiye anayestahili kutangulia, kwa sababu pengo analoliacha nyuma yake ni kubwa zaidi.

Hesabu ya vilabu inaeleza sababu. Ligi ina vilabu 20, na vingi huanza mechi na mshambuliaji mmoja tu wa kati. Watu 8 wanaohitaji washambuliaji 24 wanagombania, kwa hakika, idadi ndogo ya watu wanaocheza kila wiki. Atakayechelewa ataishia kuwa na washambuliaji wa benchi, wanaoingia dakika ya 75 na kupata pointi 1 ya kucheza.

Kanuni hiyo ina mipaka. Msimu wa 2024/25, Mohamed Salah wa Liverpool, ambaye mchezo ulimhesabu kuwa kiungo, alifunga mabao 29, akatoa pasi za mabao 18 na kufikisha pointi 344, rekodi ya mchezo huo. Mchezaji wa kiwango hicho huwa wa kwanza kwa hesabu yoyote itakayotumika. Tatizo ni kwamba hakuna aliyelijua hilo kwa hakika mwezi wa Agosti.

Makipa wasubiri

Watu 8 huhitaji makipa 16, na ligi ina makipa 20 wanaoanza. Tofauti ya pointi kati ya kipa mzuri na wa wastani si kubwa, kwa kuwa kipa wa timu dhaifu, anayefungwa mara nyingi, hufidia sehemu ya hasara kwa mikwaju anayoiokoa. Kwa sababu hiyo wazoefu huwaacha makipa hadi duru za mwisho.

Mabeki nao wamepanda thamani. Kuanzia msimu wa 2025/26, beki anayefikisha jumla ya matendo 10 ya ulinzi katika mechi moja, yaani kuondosha mipira, kuizuia, kuikata na kuinyang'anya, huongezewa pointi 2. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa muda wote, ambaye zamani hakutazamwa na mtu, sasa ana njia ya kupata pointi hata siku ambayo timu yake imefungwa.

Kutazama vikosi vya jirani

Mshiriki anaona vikosi vya wenzake vinavyojengeka, na habari hiyo ina faida kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme mtu wa saba katika ligi ya watu 8 amechagua nafasi ya 7. Kabla hajafikiwa tena katika nafasi ya 10, ni mtu mmoja tu atakayechagua, yule wa nane, naye atachagua mara mbili. Hali hiyo hujirudia kila baada ya duru mbili. Ikiwa wa nane amekwisha kujaza nafasi zake 3 za washambuliaji, hawezi kuchukua wa nne. Wa saba anaweza kumwacha mshambuliaji anayemtaka, akachukua kiungo kwanza, kisha akamrudia mshambuliaji yule akiwa bado yupo.

Vivyo hivyo, watu watatu wakichagua makipa mfululizo, wengine huingiwa na hofu na kufuata. Huo ndio wakati wa kutazama upande mwingine, kwa kuwa kila anayekimbilia kipa amemwacha beki au kiungo mezani.

Tahadhari ya msimu uliopita

Takwimu za mwaka uliopita ni kumbukumbu, na haziwezi kuwa ahadi. Berahino alifunga mabao 14 ya Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Toleo la zamu halikuwapo wakati huo, lakini lingekuwapo, angegombaniwa mapema mno mwezi Agosti 2015. Msimu uliofuata alifunga mabao 4 ya ligi, na baada ya kuhamia Stoke City mwaka 2017 hakufunga bao lolote la Ligi Kuu kwa klabu hiyo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Yoane Wissa wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo alifunga mabao 19 ya ligi akiwa Brentford msimu wa 2024/25. Agosti 2025 alikuwa katika mvutano wa kutaka kuhama. Septemba alihamia Newcastle, na mwezi huo huo akaumia goti akiitumikia timu ya taifa. Hakuichezea klabu yake mpya hadi Desemba. Aliyesoma mabao peke yake alimchagua mapema. Aliyesoma habari za uhamisho alikuwa na sababu ya kusita.

Kombe la Mataifa ya Afrika nalo linaingia katika hesabu, kwa kuwa mara kadhaa huchezwa katikati ya msimu wa Ulaya. Katika fainali zilizofanyika Côte d'Ivoire Januari na Februari 2024, Salah aliumia katika mechi dhidi ya Ghana, na Congo ya Wissa ilifika nusu fainali. Mafanikio yaliyoshangiliwa Uvira na Bukavu yalikuwa, kwa waliommiliki Wissa, wiki kadhaa bila pointi. Hilo halina maana ya kuwaacha wachezaji wa Afrika. Maana yake ni kutowachukua wengi kwa pamoja bila akiba ya kutosha.

Mtandao ukikatika

Uteuzi hufanyika mubashara, na kila zamu ina muda unaohesabiwa kwa sekunde. Muda ukiisha, mfumo humchagulia mshiriki mwenyewe: kwanza kutoka katika orodha aliyoiandaa, na asipokuwa na orodha, kwa mpangilio wa mfumo.

Kwa mshiriki wa Bujumbura, ambako umeme unaweza kukatika na mtandao kulegea wakati wowote, kanuni hiyo ndogo inaweza kuamua msimu mzima. Orodha iliyopangwa mapema, yenye majina yasiyopungua 40 na nafasi zote zikiwa zimechanganywa kwa mfuatano wa thamani, ndiyo bima yake. Aliyeiandaa anaweza kupoteza mtandao kwa robo saa na bado akapata kikosi kinachofanana na alichokikusudia.

Ijumaa saa sita mchana

Uteuzi ukimalizika, wachezaji waliobaki bila mwenyewe hutafutwa kwa maombi. Maombi hayo hushughulikiwa saa 24 kabla ya kufungwa kwa vikosi, na aliye chini katika msimamo hutangulizwa. Msingi wake ni ule wa ligi ya soka ya Kimarekani, ambayo tangu mwaka 1936 huipa timu dhaifu nafasi ya kwanza ya kuteua wachezaji chipukizi. Baada ya saa hiyo, waliobaki huchukuliwa na anayewahi.

Vikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa 6:30 mchana kwa saa za London huanza saa 7:30 mchana Bujumbura wakati wa majira ya joto ya Uingereza. Kwa hiyo vikosi hufungwa saa 6:00 mchana Jumamosi, na maombi hufungwa saa 6:00 mchana Ijumaa, wakati ambao wengi wa Buyenzi wanajiandaa kwenda msikitini. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ile ya mwisho ya Machi, Uingereza hurudisha saa nyuma, na nyakati zote hizo husogea saa moja mbele kwa Bujumbura. Wiki yenye mechi ya Ijumaa usiku, maombi hufungwa Alhamisi.

Mchezo wenyewe hautozi ada. Makundi yanayoamua kuchangishana fedha yanabadili sura ya jambo hilo, na ni vyema kila mmoja ajue hivyo kabla ya kujiunga.

Kwa atakayeshiriki kwa mara ya kwanza, maandalizi yanaweza kufanywa jioni moja: kuhesabu idadi ya washiriki na kujua ni wachezaji wangapi wa kila nafasi watakaoondoka, kuandika orodha ya majina 40, na kuwapitia wale 10 wa juu ili kujua nani ni mgonjwa, nani anahama, na nani ataitwa na taifa lake katikati ya msimu.