Malisho Yaliyotiwa Sahihi: Tarehe ya Kuhamishwa kwa Wamasai

Mlima tunaouona kutoka Ngoliba tunauita Kilimambogo, lakini ramani ya serikali bado inauandika kwa Kimasai: Ol Donyo Sabuk. Chini yake leo ni mahindi na maharagwe, na ukielekea Thika ni mananasi, shamba baada ya shamba. Walioupa mlima jina hilo walikuwa wafugaji, na tarehe yao inastahili kusimuliwa hapa.

Kabla ya mzungu yeyote kushika kalamu, walikuwa wamekwisha kuvunjika. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilitangulia, ikafuata sotoka, halafu ndui ikawageukia watu wenyewe. Miaka hiyo ya mwisho ya karne ya 19 wanaiita Emutai. Mbatian, laiboni mkuu, yaani kiongozi wao wa dini na uaguzi, alifariki katikati ya maafa hayo, yapata 1890, akaacha wana wawili wakigombea nafasi yake. Inasimuliwa kwamba alikusudia kumpa Sendeyo vifaa vya ulaiboni, lakini Lenana akamtangulia alfajiri kwa baba aliyekuwa haoni vizuri, akajifanya ndiye kaka yake. Sendeyo akaenda upande wa Wajerumani, Lenana akasuhubiana na Waingereza.

Anayejua Mwanzo atamwona Yakobo mbele ya Isaka. Moritz Merker, afisa wa Kijerumani aliyekuwa Moshi, aliona zaidi ya hapo: katika kitabu chake Die Masai cha 1904 alidai kwamba Wamasai na Waisraeli wa kale ni wa asili moja. Wataalamu hawakukubali, nami sikubali, kwa kuwa lugha yao ni ya Kinailoti, ndugu ya Kiturkana na Kisamburu. Lakini kuna kabila moja la Israeli ambalo siwezi kulisoma bila kuwakumbuka. Katika Hesabu 32, wana wa Reubeni, wenye mifugo mingi mno, wanamwomba Musa awaache mashariki ya Yordani kwa sababu nchi ile ni ya malisho. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo, Tiglath-Pileseri wa Ashuru akawang'oa pamoja na Gadi na nusu ya Manase, akawapeleka Hala, Habori na mto Gozani. Malisho yaliyowavuta kukaa huko yaliwaweka wa kwanza njiani mwa adui.

Agosti 1904, mwaka uleule wa kitabu cha Merker, Lenana na wazee wenzake walitia alama kwenye mkataba wa Kamishna Donald Stewart. Wamasai waliondoka katika Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, wakapewa hifadhi mbili: Laikipia kaskazini, na nyingine kusini ya reli. Ahadi ilikuwa ya kudumu, maadamu Wamasai wapo duniani. Huku kwetu William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani, akajenga Juja Farm. 1909 akamkaribisha Theodore Roosevelt kuwinda, na alipofariki 1925 akazikwa juu ya Kilimambogo.

Ahadi ya milele haikutimiza miaka saba. Walowezi waliitaka Laikipia. Lenana alifariki Machi 1911, serikali ikatangaza kwamba wosia wake ulikuwa watu wake wahamie kusini, na mwezi uliofuata mkataba mpya ukatiwa sahihi chini ya Gavana Percy Girouard. Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Wamasai wa kaskazini, alipinga tangu mwanzo. Msafara wa kwanza ulikwama kwenye baridi na mvua za Mau, mifugo ikafa njiani. Serikali ilitaja watu 10,000. Mwanahistoria Lotte Hughes anakadiria kwamba hadi 1913 walihamishwa wasiopungua 20,000. Huko kusini wakakuta kupe wa ndigana kali, mbung'o na uhaba wa maji.

Ole Gilisho na wenzake hawakuchukua mikuki, walikwenda mahakamani. Hilo ndilo linalonigusa kuliko yote katika tarehe hii. Kesi yao ya 1913, iliyobeba jina la mlalamikaji Ole Njogo, ilitupwa kwa hoja ambayo hadi leo inaniuma: Wamasai si raia wa Mfalme wa Uingereza bali ni taifa la kigeni, kwa hiyo mkataba wao ni jambo la dola kwa dola, na mahakama ya nchi haina uwezo nalo. Watu wasioweza kubaki kwenye nyasi zao waliambiwa wana mamlaka ya kutosha kuzitoa. Rufaa ikakataliwa Desemba mwaka huohuo.

Agosti 2004, miaka mia baada ya mkataba wa kwanza, Wamasai waliandamana Nairobi wakidai Laikipia. Kule Laikipia kwenyewe wafugaji waliingiza ng'ombe kwenye ranchi kubwa, polisi wakafyatua risasi, na mzee mmoja akauawa.