Herufi nene ya mlazo: miaka 500 ya kukutanishwa

Kwa msomaji wa Idodi, kando ya barabara ya Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha, ukurasa wa makala hutambulika kabla haujasomwa. Kichwa chake mara nyingi huwa cha herufi nene, zilizolala upande wa kulia, zenye vijikia kwenye ncha. Sifa hizo tatu zilizaliwa mbalimbali, kila moja kwa haja yake.

Vijikia ndivyo vikongwe. Vimo katika maandishi ya Warumi yaliyochongwa kwenye mawe. Mlazo ulitoka Venice. Mwaka 1501 Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushika mkononi, kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa wasomi wa Italia. Maandishi yote ya kitabu yalilazwa, ila herufi kubwa zilisimama wima. Kazi ya kukazia neno mojamoja ilikuja baadaye. Unene ulichelewa zaidi: mwaka 1845 kiwanda cha Robert Besley, London, kilitoa Clarendon, herufi nzito iliyoweza kukaa mstari mmoja na za kawaida. Watunga kamusi waliipenda.

Huku kwetu, Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Zanzibar mwaka 1864 na kuanzisha uchapaji. Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini tahajia ya Kilatini aliyoifuata haikuhitaji herufi mpya. Herufi za risasi za Uingereza zilitosha bila kuongezewa umbo. Hivyo magazeti ya Kiswahili yaliyofuata, kama Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, yalirithi sura za Ulaya pamoja na mipaka yake.

Mpaka mmoja uliletwa na Linotype, mashine ya kupanga herufi iliyoanza kazi gazetini New York mwaka 1886. Kwa kawaida kalibu yake ya shaba ilibeba maumbo mawili: herufi ya kawaida na ya mlazo, au ya kawaida na nene. Aliyetaka nene iliyolala alilazimika kununua kalibu nyingine, na kwa kiwanda kidogo hiyo ilikuwa anasa.

Kompyuta iliondoa kikwazo hicho. Mwaka 1985 printa ya leza ya Apple ilitoka na Times katika sura nne: ya kawaida, ya mlazo, nene, na nene ya mlazo.

Leo msanifu kurasa huipata herufi hiyo kwa kubofya mara moja. Ikiwekwa kwenye kichwa cha makala au nukuu, humwambia msomaji kwamba hapa kuna sauti ya mtu, si taarifa kavu. Ikijaa ukurasa mzima, haikazii chochote. Zamani gharama ya kalibu ndiyo iliyomzuia mhariri kuizidisha. Sasa kazi hiyo ameachiwa yeye mwenyewe.