Dalali na Mwenye Genge

Miezi michache iliyopita nilikuwa natafuta kiwanja Pugu. Siyo kwa ajili ya makala, kwa ajili yangu mwenyewe, maana kodi ya mjini imenishinda. Dalali niliyepewa namba yake alikuwa dada wa miaka kama 40. Tulikutana Kajiungeni. Kabla hatujapanda bodaboda alisimama kwenye genge, akamwambia mama muuza nyanya: "Shikamoo mama. Naenda na huyu kaka kule Kinyamwezi. Saa nane tumerudi." Kisha akanigeukia, akaomba kupiga picha kitambulisho changu cha NIDA. Akaituma kwa mtu hapo hapo.

Nilijisikia mwizi.

"Usinielewe vibaya kaka," akasema. "Mimi sikujui. Namba yako nimeiona jana tu."

Njiani nikawa nalifikiria neno lenyewe. Dalali tumelitoa kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kuonyesha, kuelekeza. Neno dalili limetoka huko huko. Zanzibar ya karne ya 19 dalali alikuwa mtu wa mnada. Alizunguka na bidhaa akitangaza bei kwa sauti, na katika soko la watumwa, hadi lilipofungwa mwaka 1873, bidhaa hiyo ilikuwa binadamu. Ni ukoo mchafu, tusijidanganye. Lakini dalali yule alifanya kazi mbele ya umati. Hata leo Pugu Mnadani ng'ombe wanauzwa mchana kweupe, watu wamejaa, na anayetaka kumdhuru dalali itabidi ajiulize mara mbili.

Dalali wa viwanja ametokea njia nyingine. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha hapa hapa Pugu hadi 1955, aliandika mwaka 1958 kupinga ardhi kugeuzwa bidhaa, na baada ya Uhuru msimamo huo ukawa sera. Kwa miaka mingi sheria haikuitambua bei ya ardhi tupu. Ulichoweza kuuza ni nyumba yako, minazi yako, mikorosho yako. Watu waliuza hivyo hivyo, si unajua, kwa karatasi ya daftari na mjumbe wa nyumba kumi akiwa shahidi. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikatamka kwamba ardhi ina thamani, na marekebisho ya 2004 yakaruhusu kiwanja kitupu kiuzwe.

Mimi namkumbuka sana huyo mjumbe. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960 kwa sababu za siasa, na mengi mabaya yamesemwa juu yake, mengine kwa haki. Ila mnunuzi mgeni alipopitia kwake kwanza, alionekana sura, aliulizwa katokea wapi. Siku hizi mgeni anaona tangazo kwenye simu, anapiga, na saa moja baadaye yuko porini na dalali, wawili tu. Muhuri wa serikali ya mtaa unakuja mwishoni kabisa, bei ikishakubaliwa.

Wenzetu walilijua hili kwa uchungu. Julai 28, 1986, Suzy Lamplugh, dalali wa nyumba mwenye miaka 25, alitoka ofisini kwake Fulham, London, kwenda kukutana na mteja aliyemwandika kwenye shajara kama Mr Kipper. Hakurudi, na mwili wake haujapatikana hadi leo. Wazazi wake walianzisha taasisi yenye jina lake mwaka ule ule, ikifundisha watu wanaofanya kazi peke yao waache habari: unaenda wapi, na nani, unarudi lini. Yule dada wa Kajiungeni hajawahi kulisikia jina hilo. Nilimuuliza.

Kilichomfundisha ni mteja mmoja aliyemtaka waingie "kuangalia na vyumba vya ndani" kwenye pagale lisilo na jirani. Alikimbia, kiatu kikabaki. Polisi hakwenda, angesema nini, na jina alilopewa lilikuwa la uongo? Tangu hapo haonyeshi nyumba jioni, haingii chumbani mbele ya mteja, na hela ya kuzungushwa anaiacha gengeni kabla ya safari. Hofu yake ya pili ni kiwanja kilichouzwa mara mbili. Mwenye kiwanja akishatoweka na fedha, mnunuzi anamtafuta aliyemwonyesha, na yeye anajulikana anapokaa.

Kiwanja cha Kinyamwezi kilikuwa kwenye mteremko, mifereji ya mvua imekikata katikati. Sikukitaka. Tulibishana bei kwa adabu tu, tukapoteza muda, bodaboda ikapata pancha tukiwa njiani kurudi.

Tulifika Kajiungeni saa tisa kasoro. Mama wa genge alikuwa amesimama barabarani, simu sikioni, nyanya zake hazina mtu. Simu ya dada ilikuwa kwenye mkoba, imezimwa sauti.

"Ulisema saa nane," mama akamwambia. Mimi hakunitazama.