Woga wa masasi: namna seli za ubongo zinapeana habari

Upepo unafunga mlango kwa kishindo, na mtu mzima anajitupa chini ya meza. Katika Kadutu, Ibanda na Bagira, ni nani hajaona jambo kama hilo? Jirani mmoja anasema « bamemuroga », mwingine anasema ni karuho, wa tatu anacheka tu. Lakini kile kinachofanyika ndani ya kichwa cha mtu huyo kinajulikana, na kinaweza kutunzwa.

Seli ya neva ni nini?

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1,4. Ndani yake mna seli za neva karibu miliari 86. Kila seli ina matawi mafupi ya kupokea habari na mkia mmoja wa kuituma. Mikia mingine ni mifupi kuliko punje ya mchele. Ile inayotoka mgongoni hadi kwenye kidole cha mguu inaweza kufika metre moja.

Katika mkia huo habari inatembea kwa umeme. Si umeme wa SNEL, ni wa chumvi za mwili: chembe za sodiumu zinaingia ndani ya seli, zile za potasiumu zinatoka, na mshtuko unakimbia. Katika neva zilizo na mbio zaidi, unapita metre 100 kwa sekunde moja.

Pale njia inaishia

Seli hizo karibu zote hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna nafasi ndogo sana, jina lake sinapsi. Fikiria mzigo unaotoka Bukavu kwenda Goma kwa njia ya ziwa: lori linaufikisha bandarini, boti inauvusha, na ng'ambo lori lingine linaupokea. Umeme ni lori. Boti ni dawa ndogo ambazo seli yenyewe inatengeneza. Zikifika ng'ambo, zinashika mahali pake kama ufunguo na kufuli, na seli ya pili inaamka au inatulia.

Otto Loewi alionyesha hayo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya chura. Aliamsha neva ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Akachukua maji yaliyouzunguka, akayatia kwenye moyo wa pili, na huo pia ukapunguza mwendo bila neva yake kuguswa. Habari ilikuwa imepita ndani ya maji. Mwaka 1936 alipewa Tuzo la Nobel pamoja na Henry Dale.

Boti hizo ziko za aina nyingi. Glutamati inaamsha seli, GABA inazituliza. Dopamini inahusika na hamu ya kufanya jambo, serotonini na usingizi na hali ya moyo. Lakini huzuni haitokani tu na upungufu wa dawa moja. Njaa, msiba, upweke, na hata maneno mazuri ya rafiki, vyote vinabadilisha kazi ya sinapsi.

Woga unakamataje mwili?

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo kama lozi, jina lake amigdala. Kazi yake ni kupiga kengele. Ikisikia masasi, haingoji tufikiri: adrenalini inamwagika kutoka tezi zilizo juu ya figo, moyo unapiga mbio, misuli inakaza. Hiyo ni kinga, imeokoa wengi.

Shida ni pale kengele inaporudia mara nyingi. Sinapsi inayotumiwa sana inapata nguvu, sawa na kanjia kanakopitwa kila siku mpaka kanakuwa barabara. Na Bukavu imepita mengi: vita ya 1996, mapigano ya Juni 2004, tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, tena Februari 2025. Kwa wengine amigdala imejifunza kwamba kila kishindo ni kifo, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema « ni mlango tu », inachelewa kuituliza. Huyu mtu si mwoga wala mwenye pepo.

Kile kinachosaidia

Sinapsi iliyojifunza woga inaweza kujifunza tena amani. Ndiyo maana mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo ni matunzo kweli, na dawa za munganga zinasaidia wengine. Dawa nyingi za huzuni na woga zinachukua majuma kadhaa mbele ya kufanya kazi. Usiziache ghafla bila kumuuliza aliyeziandika. Kanyanga inadanganya: inatuliza usiku mmoja, kisha ikitoka mwilini woga unarudi na nguvu zaidi.

Mtu akishikwa na woga, usimshike kwa nguvu. Sema naye polepole, mutajie jina lake na mahali mulipo, pumua naye taratibu. Kama kukosa usingizi, ndoto mbaya na kushtuka vinapita mwezi mmoja, mpeleke kwenye kituo cha afya. Kwa magonjwa ya akili, Bukavu iko na kituo cha SOSAME. Hospitali ya Panzi nayo inasaidia waliotendewa jeuri ya vita. Mtu akisema anataka kujiua, usimwache peke yake, na umpeleke siku hiyo hiyo.

Maombi hayakatazwi. Lakini kumfunga kamba, kumpiga au kumnyima chakula ili « pepo litoke » kunaongeza tu kengele ndani ya kichwa ambacho tayari kimesikia kelele nyingi.