Chemshabongo ya besiboli: Maswali ya kale, majibu mapya

KWA miongo mingi, swali hili lilikuwa jepesi kwa wapenzi wa besiboli nchini Marekani: Ni mchezaji yupi aliye na wastani wa juu kabisa wa kugonga mpira katika maisha yake yote ya uchezaji? Jibu lilikuwa Ty Cobb, aliyestaafu mnamo 1928 akiwa na wastani wa 0.367. Anayejibu hivyo leo amekosea.

Wastani huo hupatikana kwa kugawanya idadi ya mapigo yaliyofanikiwa kwa idadi ya zamu za kugonga. Cobb, basi, alifaulu mara 367 katika kila zamu 1,000. Msomaji aliyezoea kriketi huenda akashangaa kwamba anayeshindwa zaidi ya mara sita kwa kumi huitwa bingwa, lakini katika besiboli hata 0.300 ni sifa kubwa.

Jibu lilibadilika mnamo Mei 2024, Ligi Kuu ya Besiboli (MLB) ilipoingiza katika kumbukumbu zake takwimu za zaidi ya wachezaji 2,300 wa Ligi za Weusi za kati ya 1920 na 1948. Kileleni sasa yupo Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, mwenye wastani wa 0.372. Aidha, wastani wake wa 0.466 wa mwaka 1943 uliipiku rekodi ya msimu mmoja ya Hugh Duffy, 0.440, iliyodumu tangu 1894.

Gibson hakuwahi kucheza hata mechi moja katika ligi za wazungu. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya kumzuia. Yalikuwa mapatano ya wenye timu, yaliyoanza kushika mizizi katika miaka ya 1880. Ndiyo maana swali kuhusu Jackie Robinson lahitaji uangalifu. Robinson, aliyeichezea Brooklyn Dodgers kwa mara ya kwanza Aprili 15, 1947, aliuvunja ubaguzi wa karne ya 20, ila hakuwa Mweusi wa kwanza katika ligi kuu. Moses Fleetwood Walker alikuwa ameichezea timu ya Toledo mnamo 1884, miaka 63 awali. Gibson naye alifariki Januari 20, 1947, akiwa na umri wa miaka 35, chini ya miezi mitatu kabla ya siku hiyo ya Robinson.

Wapo wanaolalamika kwamba misimu ya Ligi za Weusi ilikuwa mifupi mno kulinganishwa na ile ya wazungu. Hoja hiyo ina uzito, lakini MLB yenyewe ilicheza mechi 60 tu kwa kila timu mnamo 2020 kutokana na janga la corona, na rekodi za mwaka huo hazikufutwa. Isitoshe, Babe Ruth alijipatia sifa katika ligi ambamo hakukabiliwa na mrushaji yeyote Mweusi, na hakuna aliyedai takwimu zake zipunguzwe.

Hata takwimu ya Cobb ina dosari. Watafiti waligundua kwamba mchezo mmoja wa 1910 ulihesabiwa mara mbili, kosa lililomwongezea mapigo mawili. Mnamo 1981 wakuu wa besiboli walikataa kuirekebisha hesabu hiyo. Kwao, mapigo yake ni 4,191. Kwa watafiti, ni 4,189.

Mintarafu ya mapigo yanayouvusha mpira nje ya uwanja, jibu halijabadilika: Barry Bonds, 762, akifuatwa na Hank Aaron, 755, na Ruth, 714. Aaron, aliyempita Ruth Aprili 8, 1974 huku akipokea barua za matusi na vitisho, alianzia Indianapolis Clowns, timu ya Weusi, mnamo 1952. Mechi zake huko hazihesabiwi, kwani orodha ya MLB inakomea 1948.

Kazi ya kufukua magazeti ya zamani haijaisha, kwa kuwa kumbukumbu za mechi nyingi hazijapatikana. Willie Mays, kwa mfano, aliongezewa mapigo 10 aliyoyapata akiwa na Birmingham Black Barons mnamo 1948, akafikisha 3,293. Yale ya kuvusha uwanja yalibaki 660.