Ndugu Wawili na Mpaka wa Wilaya

Watoto wa tumbo moja hawapimwi kwa pishi moja. Huyu hushika somo upesi akachoka kuwangoja wenzake. Yule ahitaji mwalimu ajuaye lugha ya ishara, au muda mrefu zaidi wa kuzitambua herufi. Mzazi awapenda sawasawa, lakini hawezi kuwasomesha kwa namna moja. Nchini Marekani jambo hili la nyumbani limekuwa jambo la sheria, na historia yake yafaa kujulikana.

Marekani imegawanywa katika wilaya za shule. Kila wilaya huajiri walimu wake, na nyingi hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi za mahali pale. Mwaka 1940 wilaya hizo zilizidi 117,000. Leo, baada ya zilizo ndogo kuunganishwa, zapata 13,000. Kwa desturi mtoto husoma katika wilaya anamokaa. Basi mzazi achaguapo nyumba, amechagua na shule.

Zamani chaguo hilo halikuwahusu watoto wote wa nyumba. Kufikia mwaka 1918 kila jimbo lilikuwa na sheria ya kuwalazimisha watoto kusoma, lakini si kila mtoto aliyefunguliwa mlango. Mwaka 1919 Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin iliiruhusu bodi ya mji wa Antigo kumzuia mvulana mwenye ulemavu wa mwili, ingawa masomo aliyaweza, kwa hoja kwamba hali yake iliwasumbua walimu na wanafunzi. Mtoto aliyefukuzwa hivyo aliweza kukaa kizingitini akawatazama ndugu zake wakienda kusoma.

Mwaka 1954 hukumu ya Brown ilikataza kuwatenga watoto wa shule za umma kwa sababu ya rangi. Wazazi wa watoto wenye ulemavu wakauliza: ikiwa rangi si sababu ya kumtenga mtoto, mbona ulemavu uwe sababu? Mwaka 1972, katika kesi ya Mills mjini Washington, wakuu wa shule walijitetea kwamba fedha hazitoshi. Jaji Joseph Waddy aliamua kwamba fedha zikipungua, upungufu usimwelemee mtoto mwenye ulemavu kuliko wenzake. Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya kumpa kila mtoto wa namna hiyo elimu ya bure inayomfaa, kwa mpango ulioandikwa kwa ajili yake yeye, wazazi wakishauriwa, nao ukiangaliwa upya kila mwaka. Wakati huo Bunge lilikadiria kwamba watoto milioni moja walikuwa nje kabisa ya shule za umma.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa na taifa hutimizwa na wilaya, na wilaya hazilingani. Huko San Antonio, Texas, katika mwaka wa masomo wa 1967–68, wilaya ya Edgewood ilikuwa na dola 356 kwa kila mwanafunzi. Jirani yake, Alamo Heights, dola 594. Wazazi walishtaki, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawakatalia, majaji 5 kwa 4. Mpaka wa wilaya ukabaki na nguvu zake.

Basi mzazi wa ndugu wawili afanyeje? Wilaya moja yasifika kwa hisabati, lakini haina mwalimu wa viziwi. Ya pili inaye, lakini mitihani yake ni ya wastani. Naye hana nyumba mbili. Nionavyo mimi, na aanze kwa mtoto ambaye shule mbaya ingemnyima yote. Mwepesi wa kushika akikosa somo moja, atalifidia kwa vitabu. Asiyefundishwa kwa lugha anayoielewa hukosa masomo yote pamoja. Wala mwepesi asisahauliwe, kwani naye ana haki ya kutumia uwezo wake, na mzazi hana budi kuuliza atapewa nini. Lakini walimu waliozoea kumtazama kila mtoto kwa hali yake hawatashindwa kumwona na yeye.

Wastani wa alama huonyesha jinsi darasa lilivyofaulu. Haumwonyeshi aliyeachwa nyuma. Atakaye kuijua shule na aulize habari za mtoto huyo kwanza.