Istilahi za Ndoa na Familia za Mchanganyiko katika Historia ya Japani

Utangulizi

Mfasiri anayekabidhiwa hati ya kifamilia kutoka Japani hukabiliwa na matatizo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba hati hiyo ina maneno yasiyo na visawe vya moja kwa moja katika Kiswahili. La pili, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba baadhi ya maneno hayo yanaelekea kufanana na maneno tuliyo nayo, kiasi cha kumshawishi mfasiri aandike neno la kwanza linalomjia. Akikuta koseki ataandika cheti cha kuzaliwa. Akikuta kokusai kekkon ataandika ndoa ya mseto. Akikuta hāfu ataandika chotara. Tafsiri zote tatu zina kasoro, na kasoro hizo si za lugha peke yake. Kwa hati za namna hii huamuliwa mtoto ni raia wa wapi, mke ataitwa kwa jina gani, na nani ahesabiwe kuwa mtu wa nyumba ile.

Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya maneno hayo na ya watu walioitwa kwayo. Hoja yetu ni kwamba Wajapani wana makundi mawili ya istilahi kuhusu jambo hili. Kundi la kwanza ni la daftari la serikali, nalo huuliza: umeandikwa wapi? Kundi la pili ni la mtaani, nalo huuliza: umefanana na nani? Mfasiri asiyeyatenganisha makundi haya anaweza kumwandikia mtu jambo ambalo hakuna ofisi iliyowahi kumwandikia.

Kabla ya kuwapo daftari

Mwanzoni mwa karne ya 17 wafanyabiashara Wareno, Waholanzi na Waingereza waliishi katika bandari za Nagasaki na Hirado, na wengi wao walizaa na wanawake wa Kijapani. Utawala wa Tokugawa ulipoanza kufunga nchi na kupiga vita Ukristo, familia hizo zilikuwa za kwanza kuonja ukali wake. Mwaka 1636 watu 287 waliokuwa na damu ya Kireno au uhusiano wa kifamilia na Wareno walipelekwa Macau. Mwaka 1639 ikafuata zamu ya familia za Waholanzi na Waingereza, zilizopelekwa Batavia, yaani Jakarta ya leo.

Miongoni mwa watoto wa Hirado waliofikishwa Batavia alikuwa Cornelia van Nijenroode. Alizaliwa mwaka 1629, baba yake akiwa mkuu wa kituo cha biashara cha Waholanzi, na alipelekwa huko mwaka 1637 baada ya baba kufariki. Mama yake alibaki Japani. Cornelia aliolewa na mfanyabiashara tajiri, na sura yake inaonekana katika picha ya familia iliyochorwa na Jacob Coeman mwaka 1665, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Rijksmuseum mjini Amsterdam. Barua alizomwandikia mama yake zimehifadhiwa.

Kuanzia mwaka 1641 Waholanzi walizuiliwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, Nagasaki, na mahusiano ya namna hiyo yakaendelea bila ya kutambuliwa kuwa ndoa. Mfano mashuhuri ni Kusumoto Ine, aliyezaliwa mwaka 1827, binti wa daktari Mjerumani Philipp Franz von Siebold na mwanamke wa Nagasaki aliyeitwa Taki. Baba alifukuzwa nchini mwaka 1829 kwa kosa la kupata ramani zilizokatazwa. Ine alisomeshwa na wanafunzi wa baba yake, akawa mkunga na tabibu aliyesifika hata akaitwa mwaka 1873 kuhudumu katika uzazi wa mmoja wa masuria wa Mfalme Meiji. Watu wa aina yake waliitwa ainoko, yaani mtoto wa kati kwa kati. Neno hilo ni la mtaani, na baadaye likawa tusi kamili.

Amri ya mwaka 1873

Sheria ya koseki ilitungwa mwaka 1871 na daftari la kwanza la nchi nzima likaandikwa mwaka 1872. Hapa hapana budi tueleze neno lenyewe. Koseki si cheti cha mtu mmoja. Zama zile lilikuwa daftari la ie, na kwa bahati njema Kiswahili kina neno linalolingana vema na ie: ni nyumba, kwa maana ile tunayoikusudia tusemapo kwamba fulani ni mtu wa nyumba fulani. Kila nyumba ilikuwa na mkuu wake na jina lake, na mtu aliyeandikwa ndani yake ndiye aliyekuwa Mjapani.

Tarehe 14 Machi 1873 serikali ilitoa Amri Na. 103, iliyoruhusu kwa mara ya kwanza ndoa baina ya Wajapani na wageni, kwa sharti la kupata kibali. Mwanamke Mjapani akiolewa na mgeni alipoteza “hadhi ya kuwa Mjapani”. Mwanamke mgeni akiolewa na Mjapani aliipata hadhi hiyo. Mwanamume mgeni naye angeweza kuipata endapo angepokewa katika nyumba ya mkewe kama mkwe aliyefanywa mwana. Msomaji aangalie kwamba amri haikutaja uraia. Sheria ya uraia haikuwapo hadi mwaka 1899. Mlango wa kuingia katika taifa ulikuwa ule ule wa kuingia katika nyumba.

Familia mbili zatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mwandishi Lafcadio Hearn, aliyezaliwa Ugiriki mwaka 1850 naye akiwa raia wa Uingereza, aliishi na Koizumi Setsu wa Matsue. Ndoa ya kawaida ingemtoa Setsu katika Ujapani wake, na mali ya Hearn isingekuwa na uhakika wa kuwafikia mke na watoto. Kwa hiyo mwaka 1896 Hearn aliingia katika nyumba ya mkewe, akachukua jina la Koizumi Yakumo, akawa Mjapani. Mwaka huo huo Aoyama Mitsuko, aliyeolewa na mwanadiplomasia wa Austria-Hungaria, Heinrich Coudenhove-Kalergi, alisafiri na mumewe kwenda Ulaya. Hakurudi tena Japani hadi alipofariki mwaka 1941. Mwanawe Richard ndiye aliyeanzisha mwaka 1923 harakati za kuiunganisha Ulaya. Kwa amri moja, mume wa Kizungu aliweza kuingia na mke wa Kijapani akatolewa.

Daftari linapohama

Korea ilipotwaliwa na Japani mwaka 1910, Wakorea walifanywa raia wa dola ya Japani, lakini waliandikwa katika daftari la pekee. Ndoa baina ya pande mbili zilihimizwa kwa maneno matamu ya umoja, na mwaka 1920 Nashimoto Masako, wa ukoo wa kifalme wa Japani, aliozwa kwa mwana wa mfalme wa Korea, Yi Un. Hata hivyo mwanamke Mjapani wa kawaida aliyeolewa na Mkorea alihamishiwa daftari la mumewe.

Matokeo yake yalionekana baadaye. Mkataba wa amani wa San Francisco ulipoanza kutumika tarehe 28 Aprili 1952, wote waliokuwa katika daftari la Korea walihesabiwa kuwa wamepoteza uraia wa Japani, ingawa wengi walikuwa wamezaliwa na kukulia Osaka au Tokyo. Wanawake Wajapani waliokuwa wamehamishiwa daftari hilo kwa ndoa nao waliupoteza. Hakuna aliyewauliza walizungumza lugha gani wala walipika chakula gani. Walikuwa wameandikwa upande ule.

Watoto wa baada ya vita

Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi yaliyoongozwa na Marekani yaliikalia Japani hadi mwaka 1952. Maelfu ya wanawake waliolewa na askari wakahamia ng’ambo. Wengine waliachwa na watoto. Watoto hawa waliitwa konketsuji, neno lililoundwa kwa sehemu tatu: mchanganyiko, damu na mtoto. Lilikuwa na sura ya kitaalamu, likatumiwa na magazeti na watumishi wa serikali, na likawa zito zaidi kwa sababu mtoto alionekana kuwa alama ya kushindwa kwa nchi.

Mwaka 1948 Sawada Miki, mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni ya Mitsubishi, alifungua huko Ōiso makao ya watoto hao, aliyoyapa jina la Elizabeth Saunders, mwanamke Mwingereza aliyeacha fedha za kuyaanzishia. Watoto wapatao 2,000 walilelewa hapo katika maisha yake, na baadhi yao walipelekwa kulelewa Marekani au kuanza maisha Brazil. Mwaka 1959 Imai Tadashi alitoa filamu ya Kiku to Isamu, kuhusu ndugu wawili wa baba Mmarekani mweusi wanaolelewa na bibi yao kijijini.

Sheria nayo ilikuwa inabadilika, lakini kwa hatua za kinyonga. Nyumba ya zamani, ie, ilifutwa katika sheria kuanzia mwaka 1948, na koseki ikawa sajili ya mume, mke na watoto wao wasiooa wala kuolewa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1950 iliondoa kanuni ya kumnyang’anya uraia mwanamke aliyeolewa na mgeni. Hata hivyo mtoto aliendelea kurithi uraia wa baba. Huko Okinawa, penye kambi nyingi za Wamarekani, walipatikana watoto wa mama Wajapani ambao baba zao hawakuwa wametimiza masharti ya kuwarithisha uraia wa Marekani. Watoto hao walikuwa hawana nchi, ingawa walilala kila usiku katika nyumba ya mama yao.

Kutoka mwaka 1985 hadi leo

Marekebisho yaliyopitishwa mwaka 1984 yalianza kutumika tarehe 1 Januari 1985. Tangu hapo mtoto hupata uraia wa Japani kwa baba au kwa mama. Marekebisho hayo hayo yalimruhusu Mjapani aliyeoana na mgeni kuchukua jina la ukoo la mwenzake bila ya idhini ya mahakama, mradi aombe ndani ya miezi 6. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haikuwa halali kumnyima uraia mtoto aliyekubaliwa na baba Mjapani baada ya kuzaliwa kwa sababu tu wazazi hawakuoana. Kesi ilihusu watoto wa mama kutoka Ufilipino.

Kwa wakati huo sura ya ndoa hizi ilikuwa imekwisha badilika. Tangu katikati ya miaka ya 1970 waume Wajapani wenye wake wa kigeni walikuwa wengi kuliko wake Wajapani wenye waume wa kigeni. Mwaka 1985 mji mdogo wa Asahi, mkoani Yamagata, ulisaidia wakulima wake kuposa wake kutoka Ufilipino, kwa kuwa wasichana wa mashambani walikuwa wamehamia mijini. Ndoa hizi, zilizokuwa 5,546 mwaka 1970, zilifika zaidi ya 44,000 mwaka 2006, kisha zikapungua.

Hata hivyo mke mgeni hana koseki yake. Hutajwa tu katika maelezo ya sajili ya mumewe. Hadi Julai 2012 hakuandikwa hata katika orodha ya kawaida ya wakazi. Mwalimu aliyeletewa nakala ya orodha hiyo angeweza kudhani kwamba mwanafunzi wake hana mama, kumbe mama ndiye aliyemleta shuleni asubuhi ile.

Nusu na maradufu

Neno hāfu, lenye asili ya Kiingereza na maana ya nusu, lilienea hasa kuanzia mwaka 1970, lilipotokea kundi la waimbaji wa kike lililoitwa Golden Half. Lilikuwa jepesi kuliko konketsuji na lilinukia uzuri na utanashati. Lakini wazazi wengi waliuliza: mtoto wangu ni nusu ya nini? Katika miaka ya 1990 baadhi yao walipendekeza daburu, yaani maradufu. Wenyewe walioitwa hivyo hawakuafikiana. Wengine waliona kwamba maradufu ni mzigo, kwani humdai mtu awe na lugha mbili na utamaduni mara mbili. Wengi wamebaki na hāfu kwa hiari yao. Miyamoto Ariana wa Sasebo, binti wa Mmarekani mweusi, alipochaguliwa mwaka 2015 kuiwakilisha Japani katika mashindano ya urembo ya dunia, walitokea watu waliodai kwamba hakuwa Mjapani wa kutosha. Daftari lilikuwa limekwisha mkubali. Mtaa bado ulikuwa unabishana.

Aidha neno hili halimgusi kila mtu. Mwenye baba Mkorea au Mchina ni nadra kuitwa hāfu, kwa kuwa hatambulikani kwa sura. Ndoa ya wazazi wake huitwa kokusai kekkon, ndoa ya kimataifa, kwa sababu ya uraia wao tu. Mzazi yule mgeni akichukua uraia wa Japani kabla ya kuoa, ndoa ile ile haiitwi tena hivyo katika takwimu.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, koseki ya kabla ya mwaka 1948 iitwe daftari la nyumba, na ya baadaye iitwe sajili ya familia. Pili, kokusai kekkon katika hati na takwimu iwe ndoa ya uraia tofauti. Ndoa ya mseto iachwe kwa mazungumzo ya mila na dini. Tatu, ainoko na konketsuji yabakizwe kwa Kijapani katika maandishi ya historia na kufafanuliwa papo hapo, la kwanza likielezwa kuwa ni tusi. Nne, hāfu iandikwe hafu, pamoja na maelezo mafupi. Tusiiandike chotara, na suriama ndiyo kabisa, kwani neno hilo limebeba suria ndani yake na historia ya pwani yetu wenyewe. Hatuna haki ya kumtwika mtoto wa Yokohama mzigo ambao sisi wenyewe hatujaumaliza kuutua.

Hitimisho

Liko jambo moja ambalo tungependa mfasiri alikumbuke kuliko mengine yote. Katika sajili ya familia ya Japani hamna safu ya rangi wala ya damu. Sajili hiyo imewatenga watu wengi kwa njia nyingine, kama tulivyoona, lakini safu hiyo haimo. Kwa hiyo mfasiri atakayeandika chotara katika tafsiri ya hati hiyo atakuwa ameongeza kitu ambacho karani wa Japani hakukiandika, naye mwenye hati atakibeba kutoka ofisi hadi ofisi kwa muhuri wetu.